Shangazi wa Kaaga na Kadi za Salamu

Siku mliponiaga pale ukumbini, mmoja wenu alikuja na simu mkononi akaniuliza, "Mama Kagendo, zamani kabla ya hizi mlikuwa mnawafikiaje wale vijana wa kliniki yenu?" Nikamjibu, kwa salamu za redio. Mkacheka wote, na aliyecheka zaidi ni yule anayekaa kwenye kompyuta na kutuma ujumbe kwa mamia ya watu kwa kubonyeza mara moja. Sikubishana. Nilikuwa nakula keki, na ilikuwa keki nzuri. Lakini sasa nimestaafu, kahawa imeshachumwa, magoti hayataki tena shamba, kwa hiyo wacha niwaeleze.

Habari za vyeo sitaandika. Nilipanda kwa mwendo wa kinyonga kama watumishi wengine wa serikali, na hakuna aliyewahi kupona ugonjwa kwa sababu mimi nimepandishwa cheo. Majina ya vijana nimeyabadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Nilizaliwa Runyenjes, upande wa Embu, nikahamishiwa Meru mjini kuwa nesi katika kliniki ya magonjwa ya zinaa. Chumba chetu kilikuwa mwisho wa ujia, baada ya stoo ya magodoro. Zaidi ya hapo kulikuwa na ukuta tu, kwa hiyo kila aliyeonekana katika ujia ule alijulikana anakwenda wapi. Wagonjwa walikuwa wakifika kama waliopotea. "Sista, hapa ndipo wanang'oa meno?" Nami nawaambia, karibu ndani, tutaanza na jino.

Aliyenifunza kazi alikuwa Daktari Njeru. Digrii ya udaktari hakuwa nayo, lakini Meru nzima ilimwita Daktari, naye alikuwa anaitika. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha sindano wala dawa. Alinifanya nisogeze viti asubuhi nzima. Kiti cha mgonjwa kisitazame mlango, alisema, na kisitazamane na chako. Vikae ubavuni, kama watu wawili wanaoota moto. Mtu anaweza kumwambia moto mambo ambayo hawezi kuliambia jicho la mtu. Halafu akaniambia jambo la pili, ambalo sikulielewa siku ile: "Kagendo, usiulize swali ambalo jibu lake umeshalichagua."

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na maboksi ya kondomu, bango la ukutani, redio ndogo ya kuwapumbaza wanaosubiri, na kielelezo cha mbao cha kufundishia namna ya kuvaa kondomu. Kielelezo kile tulichongewa na fundi wa fanicha wa Kaaga, hapo kando ya mji. Daktari alimpelekea mchoro, akamwambia ni mpini wa chombo. Fundi aliugeuza mchoro huku na huku, akauliza ni chombo gani. Daktari akasema, cha serikali. Hakuuliza tena, na alitusugulia msasa vizuri sana.

Bango lilikuwa na picha ya mwanamume na mwanamke wamesimama chini ya taa ya barabarani, na maneno makubwa ya kuwaonya wanaume. Mabango yote ya wakati ule yalikuwa hivyo. Sisi nasi tulipokwenda kwenye shule za Kaaga kuzungumza na wavulana tulisema yale yale, jihadhari na wasichana wa mjini. Walimu walipiga makofi, makasisi walipiga makofi. Ni somo lililompendeza kila mtu, na hiyo peke yake ingetosha kututia wasiwasi.

Ndipo akaja Mwenda. Alikuwa na miaka kumi na tisa, fundi wa redio katika soko la Kianjai, kijana mrefu mwenye vidole vilivyochomwa na lehemu. Alikuwa na ugonjwa ambao sindano moja ingeumaliza, lakini kanuni ilikuwa lazima na mwenzake atibiwe. Nikamuuliza msichana ni nani.

"Hakuna msichana, Sista."

"Basi ni mwanamke mkubwa. Mwambie aje, hatutamgombeza."

"Hakuna mwanamke pia."

Nikafungua mdomo kumwambia asinipotezee wakati. Daktari Njeru alikuwa kwenye meza yake kule pembeni, ametupa mgongo. Hakugeuka. Alisema tu, "Kagendo."

Nikafunga mdomo. Nikaangalia mbele, kama anavyoangalia Mwenda. Nikamwambia, "Basi niambie wewe."

"Ni boy," akasema. "Ni rafiki yangu." Halafu akageuka akaliangalia bango. "Lakini Sista, si nyinyi mnasema ni wasichana? Mimi nimesoma hiyo poster yote, mpaka chini kwa maandishi ndogo. Tukasema hiyo maneno haituhusu. Tuko salama."

Niliumia siku ile, na hata leo nikikumbuka naumia. Nilikuwa nimelelewa nikiambiwa jambo hilo ni la wazungu na halipo kwetu, na nilikuwa mama wa kanisa, siwezi kuwadanganya kwamba moyo wangu ulifunguka mara moja. Mwenda alipotoka nilimwambia Daktari sijui kama naweza kazi hii. Akanijibu bila kuinua macho, "Kidonda hakimuulizi mwenyewe anampenda nani. Nawa mikono, kuna watu nje."

Mwenda alituambia wako wachache, wanajuana, wengine bado shuleni, na wote wanaamini bango letu. Kazi ikawa kuwafikia. Lakini kwa njia gani? Barua haikufaa, kwa sababu sanduku la posta lilikuwa la shule, la kanisa au la baba, na bahasha ilifunguliwa na yeyote aliyeifikia kwanza. Simu ilikuwa kwa chifu na kwa tajiri. Kuwatembelea ndiyo balaa kabisa, maana nesi akishuka Kianjai kuuliza nyumba ya kijana fulani, kabla hajafika kwenye mlango majirani wameshampimia kaburi.

Ni Mwenda aliyepata njia. Alikuwa mpenzi wa salamu za redio, na kwa ninyi mliozaliwa juzi lazima nieleze. Kulikuwa na kadi ya kununua dukani. Unaandika jina lako, unaandika unaowasalimia, na mwisho unaandika ujumbe, mstari mmoja tu, hakuna nafasi ya zaidi. Unaituma kwa posta, na baada ya wiki kadhaa mtangazaji anaisoma nchi nzima ikisikia. Watu wengi walitumia majina ya kubandika. "Sista, kwa salamu hakuna mtu anakuuliza wewe ni nani," Mwenda aliniambia. "Hata ukijiita Simba wa Yuda, wanasoma."

Akanibatiza Shangazi wa Kaaga, kwa sababu shangazi ndiye unayemuuliza ambayo huwezi kumuuliza mama. Yeye alikuwa Fundi wa Mawimbi. Wenzake nao walijichagulia majina, na sheria ya Mwenda ilikuwa moja, mtu asitaje kwao. Daktari akatupa Alhamisi mchana, saa ambazo kliniki ilifungwa ili tuhesabu dawa. Mlango wa mbele uliandikwa "Imefungwa", wa nyuma ukaachwa wazi.

Basi wiki baada ya wiki nilikaa na kadi, natafuta maneno. Hamtaamini ugumu wa kazi ile. Kwanza nilikuwa naandika hotuba, Mwenda anakata. "Sista, hiyo ni ndefu, mtangazaji ataruka." Tukabaki na mistari kama hii: Alhamisi mchana nipo. Anayeanza dawa amalize. Kinga ni ya kila mmoja, kila mara. Huo wa mwisho ulisomwa mara nyingi, hata mtangazaji akaupenda, akawa anaurudia mwenyewe kwa sauti yake nzito kana kwamba ameutunga. Vijana wakaanza kuingia kwa mlango wa nyuma mmoja mmoja. Nikawaeleza kile ambacho bango halikueleza, nikawaonyesha kwa chombo cha serikali, wakacheka, wakaondoka na pakiti.

Kati yao alikuwa Koome, miaka kumi na minane, mkaanga mandazi katika kioski ya Nchiru, karibu na vyumba vya kupanga vya wanafunzi. Alijiita Mfalme wa Mandazi. Ndiye rafiki aliyetajwa na Mwenda siku ile ya kwanza. Alikuwa mpole, na jambo alilopenda kuzungumza kuliko yote ni mtamba aliyepewa na baba yake alipotoka jandoni. Ukimuuliza habari zake, anakujibu habari za ng'ombe. Tulimpima, tukampima tena baadaye, hakuwa na virusi. Mwenda tulimpima pamoja naye mara ile ya kwanza. Yeye alikuwa navyo.

Dawa mnazogawa leo zilikuwa hazijatufikia. Nilimwambia Mwenda matokeo yake tukiwa ubavuni kama siku ya kwanza. Aliuliza kama Koome yuko salama. Nikamwambia majibu ya Koome atapewa Koome. Akatabasamu. "Hiyo ni sawa, Sista. Lakini uso yako imesema." Akaomba kadi nyingine.

Sasa mje kwenye kosa. Wapenzi wa salamu walikuwa na adabu yao, na kubwa kuliko zote ni kwamba ukisalimiwa lazima ujibu. Salamu haiachwi hewani. Koome hakuwa amewahi kusikia hata jina lake la utani likitajwa redioni, na siku lilipotajwa alifurahi akaunguza mandazi. Akanunua kadi yake, hakumwambia mtu. Akaandika kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyoandika, maana huwezi kusalimia watu mbele ya nchi nzima ukamruka mzazi wako. Nilikuwa jikoni nachagua maharagwe nilipoisikia: Mfalme wa Mandazi wa Nchiru anamsalimia baba yake mzazi, mzee M'Mugambi, anamsalimia Fundi wa Mawimbi, anamsalimia Shangazi wa Kaaga. Ujumbe, Shangazi asante kwa zawadi ya Alhamisi.

Maharagwe yalinitoka mikononi. Mzee M'Mugambi alikuwa mkulima, mzee wa kanisa, na nitakayoyasema sasa nayasema kwa heshima yake. Mtu yeyote angeuliza alichouliza yeye. Dada zake wote anawajua, na hakuna anayeishi Kaaga. Huyu shangazi ni nani, na anampa mwanawe zawadi gani kila Alhamisi? Koome alipobanwa alisema ni sweta, kisha akakimbia sokoni kununua sweta ya kuonyesha. Alipobanwa zaidi alisema ni sista wa hospitali.

Alhamisi iliyofuata mzee alipita mlango wa mbele bila kujali "Imefungwa". Mwenda na Koome walikuwa chumba cha ndani na Daktari. Mzee aliweka sweta mezani pangu, imekunjwa vizuri.

"Chukua nguo yako, mama," alisema. "Wewe ni mtu mzima. Watoto wa watu si wa kuchezea."

Nikaelewa anachofikiri. Anafikiri mimi, mjane mwenye mvi, namtunza kijana wake kwa zawadi. Ningeweza kusema, hapana mzee, huyu ni mgonjwa wetu. Swali la pili lingekuwa, anaumwa nini. La tatu mnalijua.

"Nimesikia, mzee," nikasema.

"Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi huyu sikumlea hivi."

"Nimesikia."

Akaondoka. Daktari Njeru alitoka ndani, akaiangalia sweta, akasema ni ya bei nafuu kwa mwanamke wa hadhi yangu. Nilicheka, kisha nikalia.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Baada ya wiki mbili tatu kanisa zima lilikuwa na habari. Mimi ndiye niliyetunza sufuria kubwa za kikundi cha akina mama, zile za harusi na mazishi, na funguo za stoo zilikaa kwangu. Mwenyekiti alikuja nyumbani akanywa chai, akaomba funguo. Hakunieleza sababu, nami sikumuuliza. Mtaona ni jambo dogo, lakini liliniuma kuliko kunyimwa cheo, na cheo nilinyimwa pia.

Koome alisikia habari ya funguo pale kioskini. Jioni ile ile alikwenda nyumbani akamwambia baba yake, mbele ya mama yake, kwamba sista hana hatia, na akaeleza ukweli wote, yeye ni nani na anampenda nani. Sikumtuma. Ningejua ningemfungia mlango. Alisafisha jina langu mbele ya wazazi wake tu, na akapoteza kwao. Mzee alimwambia neno moja, toka, naye akatoka na nguo zake kwenye mfuko wa plastiki, akaenda Kianjai kwa Mwenda, akalala kati ya redio za watu.

Alhamisi aliyokuja kunieleza nilimuuliza, sasa itakuwaje. Akanijibu, "Sista, mtamba wangu ana mimba. Na mimi sitamwona akizaa."

Mwenda alianza kukonda. Nilimpa ile sweta, maana homa zilimtia baridi hata jua la mchana. Koome alimpikia uji, akamwogesha, akapokea kazi za wateja na kusoma namba za spea kwa sauti, huku Mwenda akimwelekeza kutoka kitandani. Nilikwenda Kianjai nikiwa na gauni la nesi, mchana kweupe. Kwangu hapakuwa na sifa iliyobaki ya kulinda. Mara ya mwisho nilimkuta Mwenda akiandika kadi kwa taabu. Aliifunika kwa mkono, akasema hii ni yake, Shangazi haruhusiwi kuikata. Koome aliipeleka posta.

Tulimzika siku ya mvua. Walikuja jamaa zake, mafundi wa soko, Daktari Njeru na mimi. Koome alisimama nyuma kabisa kama jirani, na hilo sitalisahau.

Redio haikujua kwamba amekufa. Kadi hukaa kwenye foleni, na zamu yake ilifika muda mrefu baada ya udongo kukauka. Fundi wa Mawimbi anamsalimia Shangazi wa Kaaga, anamsalimia Mfalme wa Mandazi aliyempikia uji, na anamsalimia baba yake, mzee M'Mugambi wa Nchiru. Ujumbe, mzee, ulilea vizuri.

Nilizima redio nikakaa chini. Sikuweza kusikia ya mtu mwingine.

Keshoye asubuhi nilimkuta mzee kwenye benchi la ujia wetu, peke yake, kofia magotini. Watu walipita wakamwona, naye hakuuliza kama hapa ndipo wanang'oa meno. Nikamkaribisha kwenye kile kiti cha ubavuni.

"Sista," akasema, "nimesalimiwa."

"Nilisikia, mzee."

"Na mtu mwenye ameshazikwa. Nimeambiwa na wale wa Kianjai."

"Ndiyo."

Akageuza kofia. "Huyo kijana alikuwa mwema?"

"Sana."

"Na ni yeye alikuwa..." Hakumaliza, nami sikumsaidia. Nilikuwa nimejifunza. Tukaangalia ukuta, pale lilipokuwa bango. Daktari alikuwa ameshaling'oa.

"Mimi nimesalimiwa na redio mara mbili," akasema baadaye. "Ya kwanza ni ya mtoto wangu mwenyewe, na nikajibu kwa kurudisha sweta. Sasa hii ya pili, mwenye ametuma hayuko. Hii nitamjibu nani?"

Nikamwambia, mjibu aliyempikia uji.

Halafu akasema yeye Kiswahili cha kuandika kinamshinda, nimwandikie. Nilikuwa na kadi kwenye droo, hazikukosekana. Alinitamkia maneno polepole, nikaandika. M'Mugambi wa Nchiru anamsalimia Mfalme wa Mandazi, popote alipo. Kwa ujumbe alipangusa uso kwanza kwa kofia.

"Andika, ng'ombe wako amezaa. Njoo umkamue mwenyewe."

Niliandika. Nikamweleza kwamba redio inachukua wiki nyingi, pengine zaidi. Akaitazama kadi, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akasimama, akavaa kofia.

"Wewe itume," akasema. "Mimi naenda Kianjai. Maziwa haiwezi kungoja redio."

Hamkuniuliza ushauri, lakini ninyi wenye mashine ya kutuma kwa mamia, fungeni ofisi siku moja moja mwende kwa miguu.

Kadi ilisomwa Koome akiwa amesharudi nyumbani zamani. Alinieleza mwenyewe. Alikuwa amechuchumaa chini ya ng'ombe, ndoo magotini, redio ya marehemu Mwenda imetundikwa kwenye nguzo ya zizi. Baba yake alikuwa ameshika ndama. Mtangazaji akasoma mpaka mwisho, ng'ombe wako amezaa, njoo umkamue mwenyewe, na Koome akashindwa kukamua, mikono ikasimama. Mzee hakumtazama. Alimvuta ndama kando, akamwambia, "Umesalimiwa. Jibu."